Kuomba LL.M. Marekani ukiwa na LLB ya Afrika Mashariki: mwongozo kamili

Kila mwaka ikifika Februari simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. "Wakili msomi, nilituma maombi Desemba, mpaka leo akaunti inasema haijakamilika." Tukiifungua akaunti pamoja tunakuta insha nzuri na wasifu mzuri, ila transkripti haijafika. Mwenyewe aliiskani nyumbani akaipakia, akadhani kazi imekwisha.

Wengi wanaokwama namna hii wana GPA nzuri tu. Kinachowaangusha ni karatasi na tarehe. Mwongozo huu ni wa mwenye shahada ya kwanza ya sheria, yaani LLB, kutoka Tanzania Bara, Zanzibar, Kenya au Uganda, anayetaka LL.M., yaani shahada ya uzamili ya sheria. Waliosoma Kongo, Burundi na Rwanda nimewawekea neno lao katika Hatua ya 2.

## Kabla hujalipa hata senti

Anza na viza, hasa kama paspoti yako ni ya Tanzania au Burundi. Juni 2025 rais wa Marekani alitoa tangazo lililositisha viza za wanafunzi, yaani F, M na J, kwa raia wa Burundi. Tangazo la Desemba 2025 likaiingiza Tanzania katika zuio la aina hiyo kuanzia 1 Januari 2026. Aliyekuwa na viza hai siku hiyo, au mwenye ukaazi wa kudumu wa Marekani, hakuguswa.

Matangazo haya hubadilishwa, kwa hiyo fungua tovuti ya ubalozi wa Marekani nchini mwako na usome hali ya leo, wala usitegemee ya mwaka jana. Kama zuio bado lipo na huna njia nyingine ya kisheria ya kuingia, zifanye Hatua ya 1 na ya 2 sasa hivi, kisha ada za maombi ziache mfukoni. Transkripti na tathmini ya elimu yako havichachi.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Paspoti ambayo haitaisha muda katikati ya masomo.
- Transkripti rasmi ya LLB, seti tatu. Sababu utaiona Hatua ya 5.
- Cheti cha LLB.
- Cheti cha mafunzo ya vitendo, kama umeyapitia: Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo kwa Tanzania Bara, au Kenya School of Law kwa Kenya.
- Kama wewe ni wakili, cheti cha kuapishwa na barua inayothibitisha kwamba jina lako liko safi kwenye orodha ya mawakili.
- Barua ya msajili wa chuo inayosema masomo yote yalifundishwa kwa Kiingereza.
- Watu wawili wanaoijua kazi yako, si wanaolijua jina lako tu.
- Kadi ya benki inayolipa kwa dola mtandaoni. Ijaribu mapema, nyingine hukataa mpaka upige simu benki wakufungulie.
- Barua pepe yako binafsi. Ya ofisini utaipoteza siku ukiacha kazi, na majibu yatakwenda nayo.
- Miezi 14. Masomo huanza Agosti, kwa hiyo anza Juni ya mwaka uliotangulia.

## Hatua ya 1: Jua unaomba nini

Kwa mwenye LLB kuna milango mitatu, na wengi hugonga usio wao.

LL.M. ni ya mwaka mmoja wa masomo, kwa kawaida krediti 24 hivi. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana shahada ya sheria. Haihitaji LSAT, mtihani wa kuingilia shule za sheria za Marekani.

J.D. ni ya miaka mitatu. Ndiyo shahada wanayosoma Wamarekani wenyewe ili wawe mawakili, na LLB yako itahesabiwa kama shahada ya kwanza ya kawaida. Karibu kila chuo kitataka LSAT, ambayo alama zake huanzia 120 hadi 180. Vyuo vingi hupokea GRE, mtihani wa jumla wa kuingilia masomo ya juu, badala yake. Hapa kuna jambo ambalo watu hawaambiwi: LSAC, taasisi inayosimamia LSAT na kukusanya nyaraka za waombaji, haiibadilishi transkripti ya chuo cha nje kuwa GPA ya Kimarekani. Huipa daraja la maneno tu, kama vile juu ya wastani au wastani. Uzito wa alama zako kwa hiyo hulalia kwenye mtihani. Baadhi ya vyuo huwapunguzia wenye shahada ya sheria ya nje hadi theluthi moja ya krediti, J.D. ikaisha kwa miaka miwili.

Mtihani wa uwakili bila kusoma tena. Ndiyo, mlango huu upo. California humruhusu wakili aliyekwisha kuapishwa nchini kwake kufanya mtihani wa uwakili wa huko bila LL.M. New York nayo ina kanuni yake, na kwa watu wetu ndiyo yenye manufaa makubwa zaidi.

Maoni yangu: kama unataka kazi ya kudumu kwenye kampuni za mawakili za Marekani, J.D. hufungua zaidi, na LL.M. peke yake huwaacha wengi mlangoni. Kama unarudi Dar au Nairobi kufanya usuluhishi wa kibiashara, kodi, mafuta na gesi au kufundisha, LL.M. inatosha.

*Umefaulu hatua hii ukiweza kuandika sentensi moja:* "Naomba ___ kwa sababu baada ya hapo nitafanya ___." Ikikushinda, usiendelee.

## Hatua ya 2: Pata jibu la New York kabla ya kuchagua chuo

Wengi huifanya hatua hii mwishoni, baada ya kulipa ada ya LL.M. Ndiyo maana nakaa hapa kwa muda.

Mawakili waliosomea nje huingia New York kupitia kanuni ya 520.6 ya Mahakama ya Rufani ya jimbo hilo. Bodi ya watahini wa sheria ya New York inakupima kwa mambo mawili. La kwanza ni muda: je, ulisoma sheria darasani kwa muda unaolingana na J.D., yaani takriban miaka mitatu ya kutwa? La pili ni asili ya sheria yenyewe: je, mfumo wa nchi uliyosomea umejengwa juu ya komoni loo ya Kiingereza, yaani sheria inayokua kwa maamuzi ya mahakama?

Ukipita yote mawili unaruhusiwa kufanya mtihani bila LL.M. Mwenye LLB ya kutwa ya miaka minne kutoka Tanzania au Kenya anasimama mahali pazuri, maana nchi zote mbili zilirithi mfumo wa Kiingereza. Uamuzi hata hivyo ni wa bodi, na unatolewa kwa faili la mtu mmoja mmoja. Usijihukumu mwenyewe kwa kulinganisha na rafiki.

Ukipungukiwa na moja kati ya hayo, LL.M. kutoka chuo kilichoidhinishwa na chama cha mawakili cha Marekani, ABA, hulitibu. Ukipungukiwa na yote mawili, LL.M. haikutibu.

Sasa neno kwa wa Kongo na Burundi: sheria yenu ina asili ya Kibelgiji, kwa hiyo kipimo cha pili kitawakwamisha, na njia ya New York kwenu ni LL.M. Wa Rwanda, mfumo wenu umechanganyika siku hizi, basi msikisie, ombeni tathmini.

Onyo: masomo ya masafa na ya mtandaoni hayahesabiwi. Aliyesoma LLB yote au sehemu yake kwa njia hiyo aulize bodi kwanza.

Cha kufanya ni hiki. Fungua ombi la tathmini ya elimu ya nje kwenye tovuti ya bodi. Chuo chako kiwatumie transkripti moja kwa moja. Ambatisha uthibitisho wa shahada na uthibitisho kwamba chuo kinatambuliwa na mamlaka za nchi. Kama hujaapishwa, utahitaji pia uthibitisho kwamba LLB yako inatimiza sharti la elimu la kuingia uwakili nchini kwako. Majibu huchukua miezi, na nyaraka ulizopeleka LSAC hazihamishiwi huku. Ni faili mbili, ofisi mbili.

*Umefaulu ukiwa na jibu la maandishi* linalosema unaruhusiwa, unahitaji LL.M., au haiwezekani. Huenda jibu hilo likakuokolea ada ya mwaka mzima.

## Hatua ya 3: Chagua vyuo vitano au sita

Usiombe kumi na tano. Kila chuo ni ada, insha yake na ufuatiliaji wake.

Soma programu inamtaka nani. LL.M. ya Yale, kwa mfano, inawalenga zaidi wanaotaka kuwa wahadhiri wa sheria. Ukijieleza kwamba unataka kufanya mikataba ya mabenki, umejikataa mwenyewe. Harvard huomba insha yenye sehemu mbili, ya kwanza ikiwa ni kuchambua tatizo la kisheria, na watu huandika historia ya maisha pale palipotakiwa uchambuzi.

Kama unasoma LL.M. ili ikutibu kwa New York, hakikisha chuo kinakupa nafasi ya kuchukua krediti 24 zenye mgawo huu: 2 za maadili ya uwakili, 2 za utafiti na uandishi wa kisheria, 2 za misingi ya sheria ya Marekani, na 6 za masomo yanayotahiniwa. LL.M. ya kodi au ya haki za binadamu inaweza kukumaliza krediti kabla hujayafikia hayo. Waandikie ofisi ya LL.M. uwaulize wazi. Hujibu, na jibu lao ulihifadhi.

## Hatua ya 4: Fungua akaunti ya LSAC kwa jina moja

Vyuo vingi vya LL.M. hupokea maombi kupitia LSAC. Ukifungua akaunti utapewa namba inayoanza na herufi L. Itakufuata kwenye kila karatasi.

Jina ndilo tatizo letu. Cheti cha LLB kina majina matatu, paspoti ina mawili, cheti cha uwakili kina la mume. Kwa macho ya karani wa LSAC kule Pennsylvania hao ni watu watatu. Jaza jina kama lilivyo kwenye paspoti, kisha sehemu ya majina mengine andika kila namna jina lako lilivyowahi kuandikwa. Tofauti ikiwa kubwa, tengeneza hati ya kiapo au ya kubadilisha jina mapema. Wewe ni mwanasheria, hii unaiandika asubuhi moja.

Usifungue akaunti ya pili kwa sababu umesahau nywila. Nyaraka zitagawanyika baina ya akaunti mbili na utahangaika wiki nzima kuziunganisha.

## Hatua ya 5: Transkripti, panapoanguka wengi

Kanuni ni moja: transkripti itoke mikononi mwa chuo, iingie mikononi mwa LSAC. Ikipita kwako ikiwa wazi, imeharibika.

Fuata mpangilio huu:

1. Kwenye akaunti, orodhesha kila taasisi ya elimu ya juu uliyosoma, hata ile ya mafunzo ya vitendo na ile ya muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi.
2. Kwa kila taasisi chapisha fomu ya kuombea transkripti. Ina namba yako ya L.
3. Ipeleke kwa msajili mwenyewe, kwa miguu kama unaweza. Lipia seti tatu: ya LSAC, ya bodi ya New York, na moja ya akiba ibaki imefungwa.
4. Msajili aweke transkripti na fomu ndani ya bahasha, aifunge, agonge muhuri juu ya mfuniko wa bahasha na asaini hapo.
5. Itumwe kwa kampuni ya vifurushi yenye namba ya kufuatilia. Posta ya kawaida usiijaribu.

Nilimsindikiza mdogo wangu kwa msajili wa chuo kimoja ambacho sitakitaja. Karani aligonga muhuri vizuri kabisa, kwenye karatasi ya ndani, akafunga bahasha ikiwa tupu nje. Tulirudi kesho yake. Kwa hiyo simama hapo dirishani uangalie kwa macho yako, na heshima zote, na "shikamoo" ikihitajika.

Kama chuo chako kina mfumo wa kutuma kielektroniki, waulize LSAC kwanza kama wanaupokea kutoka chuo hicho. PDF uliyotumiwa wewe kisha ukaisambaza haihesabiki.

Sasa alama. Vyuo vingi vya Tanzania hutumia GPA ya 5, Marekani hutumia ya 4. Usiibadilishe mwenyewe. Aliye na 4.1 kati ya 5 akiandika tu "4.1" anaonekana mwongo au mtu asiyesoma fomu. Andika "4.1/5.0" na daraja lako. Wa Kenya mna tatizo la kinyume: asilimia 70 kwenu ni A, ila Mmarekani akiiona 70 anawaza mwanafunzi dhaifu. Hakikisha transkripti ina ule ufunguo wa madaraja, mara nyingi uko nyuma ya ukurasa, na karani asitoe kopi ya mbele peke yake.

Una sapu ya mwaka wa pili? Iache ilivyo. Kama kulikuwa na sababu ya kweli, ieleze kwa mistari mitatu kwenye nyongeza, bila kulalamika.

Nyaraka za Kifaransa ziende na tafsiri rasmi ya Kiingereza, pamoja na zile za asili.

*Umefaulu* akaunti ikionyesha transkripti imepokelewa na tathmini imekamilika. Hayo ni mambo mawili, na kati yake zinaweza kupita wiki kadhaa.

## Hatua ya 6: Kiingereza

LLB za Tanzania, Kenya na Uganda hufundishwa kwa Kiingereza, na vyuo vingi husamehe TOEFL au IELTS kwa sababu hiyo. Msamaha haujitoi wenyewe. Omba, na uambatishe barua ya msajili. Chuo kikikataa, weka nafasi ya mtihani kabla ya Oktoba, maana nafasi hujaa na matokeo huishi miaka miwili tu.

## Hatua ya 7: Barua za mapendekezo

Vyuo vingi hutaka mbili. Moja itoke kwa mhadhiri, ya pili kwa anayekusimamia kazini. Jaji aliyekuona mara mbili mahakamani ataandika "namfahamu kama kijana mwadilifu", na barua ya namna hiyo haikusogezi popote. Mhadhiri msaidizi aliyesahihisha tasnifu yako ataandika ulichobishana naye.

Kwetu mkubwa akikwambia "andika mwenyewe, nitasaini" anadhani anakusaidia. Kataa kwa adabu. Mpe badala yake ukurasa mmoja wenye kazi tatu ulizomfanyia na tarehe zake, umwambie: "Mwalimu, hii ni ya kukukumbusha tu, maneno yawe yako." LSAC itamtumia kiungo kwa barua pepe. Mpigie simu siku hiyohiyo aangalie kwenye takataka za barua pepe.

Kosa la kimyakimya: barua ikishafika, wewe ndiye unayeipangia chuo ndani ya akaunti. Nimeona barua mbili nzuri zikikaa kwenye akaunti miezi mitatu bila kupangiwa chuo chochote.

## Hatua ya 8: Wasifu na insha

Wasifu uwe kurasa mbili mwisho. Toa picha, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa na shule ya msingi. Badala ya "nimehusika na kesi mbalimbali", andika uliandika nini: hati ya madai, maoni ya kisheria, mkataba wa upangaji.

Insha nyingi ninazosoma huanza na "tangu utotoni nilichukia dhuluma". Futa. Anza na tatizo ulilokutana nalo kazini. Mathalani Tanzania ilipitisha mwaka 2017 sheria inayozuia migogoro ya maliasili kupelekwa kwenye mahakama na mabaraza ya nje. Kama uliwahi kuandaa kifungu cha usuluhishi kwenye mkataba wa madini baada ya hapo, una kisa: mteja alitaka nini, sheria iliruhusu nini, ukakwama wapi, na ni somo gani la chuo hicho litakusaidia kukwamuka. Taja somo kwa jina lake, baada ya kuhakikisha bado linafundishwa.

## Hatua ya 9: Tuma, kisha usilale

Maombi hufunguliwa kuanzia Agosti au Septemba. Vyuo vikubwa hufunga Desemba, vingine huendelea hadi majira ya kuchipua. Lenga kutuma wiki tatu kabla, na uombe msamaha wa ada ya maombi kwa barua pepe fupi. Baadhi ya vyuo hutoa.

Kutuma na kukamilika ni vitu viwili. Ingia kila Jumatatu uangalie. *Umefaulu* pale chuo chenyewe kinapoandika kwamba faili lako limekamilika.

## Hatua ya 10: Fedha, I-20 na viza

Ada ya masomo peke yake kwenye vyuo vikubwa inapita dola 70,000 kwa mwaka, na bado hujalala wala kula. Omba ufadhili wa chuo pamoja na maombi, usingoje barua ya kukubaliwa. Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, nao una dirisha lake, ambalo hufungwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya masomo.

Chuo kitakupa I-20, fomu ya kuombea viza ya mwanafunzi, baada ya kuona ushahidi wa fedha za mwaka mzima. Taarifa ya benki iliyojaa ghafla wiki iliyopita huzaa maswali. Kama shangazi wa Muscat ndiye anayelipa, leta barua yake na taarifa za benki yake za miezi kadhaa. Kisha lipa ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa nje, dola 350, jaza DS-160, fomu ya mtandaoni ya maombi ya viza, lipa ada ya viza, dola 185, na uweke miadi ubalozini. Tangu Juni 2025 waombaji wa viza za wanafunzi wanatakiwa kuziweka wazi akaunti zao za mitandao ya kijamii, kwa hiyo zipitie.

Dirishani utaulizwa kwa nini LL.M., kwa nini chuo hicho, nani analipa na utarudi kufanya nini. Jibu kwa sentensi mbili mbili. Ile sentensi ya Hatua ya 1 ndiyo unayoihitaji hapa.

Siku ya safari, I-20, cheti cha LLB, cheti cha uwakili na ile bahasha ya tatu ya transkripti, bado imefungwa, viwe kwenye begi la mkononi. Begi kubwa likibaki Addis Ababa au Doha, utalisubiri siku mbili bila wasiwasi.